Akina mama katika jumba la mazoezi: tuliyoyaona kwa wiki sita



Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya mji wetu wa Morogoro siku hizi utaona vibao ambavyo bibi zetu hawakuviona: "Jimu ya wanawake", "Mazoezi ya akina mama, asubuhi na jioni". Vingine vimetundikwa juu ya maduka, vingine kwenye maghala ya zamani yaliyopakwa rangi upya. Nasi baada ya Misa tumekuwa tukiulizwa maswali. Je, mambo haya yana faida ya kweli, au ni njia nyingine ya kula fedha za watu? Je, mama wa miaka 50, mwenye magoti yanayouma, ana nafasi humo? Je, ni jambo la heshima kwa mama wa Kikristo? Na asiye na fedha afanye nini?

Tuliona si vema kuyajibu maswali hayo tukiwa tumekaa vitini. Kwa hiyo akina mama wanne wa ukurasa huu tulijiandikisha katika jimu moja ya wanawake kwa muda wa wiki sita, siku tatu kila wiki. Mkubwa wetu ana miaka 61 na mdogo wetu ana miaka 34. Jina la jimu hiyo hatutalitaja, kwani nia yetu si kuitangaza biashara ya mtu wala kuiharibu. Nia yetu ni kuwaeleza tuliyoyaona, ili kila familia iamue kwa akili yake.

Maradhi yanayokuja kimyakimya

Zamani tulizoea kuogopa malaria, kuhara na surua. Maradhi hayo bado yapo na hatuna budi kuendelea kujikinga nayo. Lakini katika jumuiya zetu sasa tunazika pia watu waliokufa kwa kiharusi, kwa moyo na kwa kisukari. Ni mara ngapi tumeambiwa msibani kwamba marehemu aliamka mzima, akaenda bafuni, akaanguka? Mara nyingi mtu huyo hakuwa mzima. Alikuwa na shinikizo la damu la miaka mingi, ila hakuna aliyempima.

Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Tena tatizo hilo lilikuwa kubwa zaidi mijini kuliko vijijini. Sababu zake si ngumu kuziona. Mama wa mjini hatwangi tena, mashine inasaga. Hateki maji kisimani, bomba liko uani. Kwenda sokoni kuna bodaboda. Dukani anakaa tangu asubuhi hadi jioni, na chakula cha mchana ni chipsi na soda. Mwili aliopewa na Mungu kwa ajili ya kutembea, kuinama na kubeba, sasa unakaa tu.

Tuseme wazi hapa kwamba unene si dhambi, wala si jambo la kumcheka mtu. Wapo watu wembamba wenye presha, na wapo wanene wenye nguvu. Kinachotakiwa ni mwili kufanya kazi, uwe mkubwa au mdogo. Na mama wa kijijini anayelima tangu alfajiri, akabeba kuni na maji, hana haja ya jimu. Yeye mazoezi anayo tayari. Anachohitaji ni kupumzika, kula vizuri na kusaidiwa mzigo wake na watu wa nyumbani.

Kwanza tulipimwa

Kabla ya kuvaa raba, tulikwenda kwenye zahanati ya parokia. Sista muuguzi alitupima shinikizo la damu, sukari, uzito na mzunguko wa kiuno. Alituambia kwamba kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 88, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka sana hata kama mtu huyo anajiona mzima.

Watatu kati yetu tulikuwa salama. Mwenzetu wa nne, mama wa watoto watano ambaye huuza vitenge sokoni, alikutwa na shinikizo la 182 juu ya 114. Sista alimpumzisha kwa muda, akapima tena, na namba zikawa zilezile. Mwenzetu huyo hakuwa anaumwa kichwa wala kizunguzungu. Siku hiyo alikuwa ametoka kupanga mizigo dukani kwake.

Sista alimweleza kwa upole lakini kwa uthabiti kwamba hataruka wala kukimbia mpaka daktari amwone. Mwenzetu alisikitika sana. Raba alikwisha nunua, na aliona kama amefukuzwa. Lakini alitii. Katika hospitali ya mkoa alipimwa mkojo, damu na moyo, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Wiki ya tatu shinikizo lilikuwa limeshuka hadi 148 juu ya 92, naye daktari akamruhusu kuanza polepole, bila kuruka na bila kunyanyua vitu vizito. Wiki ya sita lilikuwa 138 juu ya 86.

Tunaeleza habari hizi kwa ruhusa yake. Kilichomshusha zaidi ni vidonge, na anaendelea kuvimeza. Mazoezi ni msaidizi wa dawa. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu, mazoezi ya kila wiki yakifanywa kwa miezi kadhaa huweza kushusha ile namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Hilo ni jambo kubwa, lakini halimpi mtu ruhusa ya kutupa vidonge vyake. Kama mwenzetu angekwenda moja kwa moja kwenye muziki na kuruka, huenda leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Aidha, katika jimu tuliyokwenda hatukuulizwa swali lolote kuhusu afya siku ya kujiandikisha. Tuliulizwa jina, namba ya simu na ada. Tulimweleza mwalimu wa mazoezi jambo hilo, naye akaanza kuwauliza wageni wote kama wana presha, kisukari, pumu, maradhi ya moyo au ujauzito. Nawe msomaji, usipoulizwa, sema mwenyewe.

Mambo ya ndani

Jimu yenyewe ni chumba kirefu chenye kioo kikubwa upande mmoja, feni tatu, mikeka, vijukwaa vya mbao vya kupandia na kushukia, na vyuma vidogo vya kilo 1 hadi 5. Wanaume hawaingii. Vipindi ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Ada ilikuwa shilingi 5,000 kwa siku au 60,000 kwa mwezi.

Tulidhani tutawakuta wasichana wembamba tu. La hasha. Tuliwakuta walimu, wauguzi, mama lishe, wanafunzi wa chuo, wajane na bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Wengi walikuwa dada zetu Waislamu, ambao walituambia kwamba wanaipenda jimu hiyo kwa sababu ni ya wanawake watupu, hivyo wako huru. Tulikaribishwa vizuri.

Kuhusu mavazi, wasiwasi wetu ulikwisha siku ya kwanza. Wengi walivaa fulana pana na suruali ya mazoezi. Wengine walivaa khanga mpaka mlangoni, wakaivua ndani. Hakuna aliyelazimishwa kuvaa nguo ya kubana. Kitu muhimu ni raba zinazoshika mguu vizuri na sidiria imara, kwani kuruka kwa ndala ni njia ya kuteguka kifundo.

Muziki ulikuwa wa sauti kubwa mno, na nyimbo nyingine zilikuwa na maneno ambayo mama hawezi kuyarudia mbele ya wanawe. Tuliomba zibadilishwe, na zikabadilishwa. Tumejifunza kwamba mara nyingi mtu akiomba kwa heshima husikilizwa.

Kipindi kilivyo

Kipindi kimoja kilichukua dakika 50. Kiligawanyika sehemu nne.

Kwanza, dakika 10 za kupasha viungo moto. Tulitembea papo hapo, tukazungusha mabega, tukainua magoti kidogo kidogo. Sehemu hii watu wengi huiruka kwa haraka zao, kumbe ndiyo inayoutayarisha moyo na viungo.

Pili, dakika 20 za kucheza kwa kufuata mwalimu. Hatua mbili kulia, mbili kushoto, kupanda kijukwaa, kushuka, kupiga makofi. Wiki ya kwanza miguu yetu ilikwenda upande wake na muziki upande wake. Hakuna aliyetucheka, maana kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake.

Mwalimu alitufundisha kipimo kimoja kizuri cha kujua kama unafanya kwa kiasi: uweze kusema sentensi, lakini usiweze kuimba. Wanakwaya watakielewa mara moja. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kutamka maneno matatu, punguza.

Tatu, dakika 15 za kujenga nguvu. Hapa tulichuchumaa na kuinuka kama mtu anayekaa kwenye kigoda na kusimama, tukasukuma ukuta kwa mikono, tukanyanyua vyuma vidogo, tukalala kwenye mkeka na kuinua kiuno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo kweli tuliinama! Mwenzetu wa miaka 61 alitumia kiti cha kujishikilia, na mwalimu akamsifu kwa kufanya hivyo.

Nne, dakika 5 za kupoa na kujinyoosha, huku pumzi ikirudi taratibu.

Siku ya pili na ya tatu mapaja yaliuma, hata kupanda daladala ikawa kazi. Maumivu ya namna hiyo ni ya kawaida kwa msuli ambao haujazoea, nayo huisha baada ya siku chache. Maumivu makali ya ghafla katika goti, mgongo au kifua si ya kawaida. Hayo ni ya kusimama na kutafuta msaada.

Mwilini kunatokea nini

Moyo ni msuli. Ukifanyishwa kazi kwa kiasi, unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo mtu akikaa unapiga polepole na kwa utulivu. Mishipa ya damu hulainika, na shinikizo hupungua. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, ndiyo maana mazoezi humsaidia mwenye kisukari. Mifupa inayobeba uzito hubaki imara, jambo lenye maana kubwa kwa mama aliyekoma hedhi, kwani wakati huo mifupa huanza kupungua nguvu. Aidha usingizi huwa mzuri, na huzuni hupungua.

Haya yamechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa Uingereza na wenzake walitangaza matokeo ya kuwalinganisha watumishi wa mabasi ya London. Madereva walikaa siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima wakikata tiketi. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo mara chache kuliko madereva, na walipougua ugonjwa haukuwa mkali kama wa madereva.

Mwaka 2002 huko Marekani yalitolewa matokeo mengine. Watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kupita wale waliopewa vidonge. Kinga ni bora kuliko tiba, walisema wahenga.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kujenga nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa. Kufagia uwanja kwa nguvu kunahesabiwa.

Kwa nini kwa pamoja?

Kama kutembea kunatosha, kwa nini mtu alipe fedha ili aruke na wenzake? Swali hili tulijiuliza kila tulipotoa ada. Jibu tulilipata wiki ya pili, wakati maumivu na uvivu vilipokuja pamoja. Wawili wetu tulikuwa tayari kuacha. Kilichoturudisha ni kwamba tulipokosa siku moja, wale akina mama tuliowazoea walipiga simu kuuliza kama tunaumwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu akiwa peke yake hujidanganya kwa urahisi kwamba ataanza kesho.

Mjane mmoja tuliyecheza naye alituambia kwamba tangu afiwe, ile saa moja ya jioni ndiyo saa pekee ambayo hakai akiitazama kuta. Hakuja kupunguza mwili, alikuja kwa sababu ya watu.

Wazungu walianza kuzungumza sana juu ya mazoezi ya pumzi baada ya daktari Kenneth Cooper wa Marekani kutoa kitabu chake mwaka 1968, na mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa huko, Jacki Sorensen, akaanza kuyaunganisha mazoezi hayo na kucheza muziki kwa kikundi. Lakini sisi Waafrika tusilione jambo hili kuwa geni. Bibi zetu walicheza ngoma wakati wa mavuno na wa harusi, usiku kucha, wakubwa kwa wadogo. Tumeiacha ngoma, na sasa tunainunua kwa mwezi!

Je, tulipungua?

Hili ndilo swali la kwanza tulilokuwa tukiulizwa njiani. Tutajibu kwa ukweli. Baada ya wiki sita, mmoja wetu alipungua kilo 2, mwingine kilo 1, na wawili hawakupungua chochote. Mmoja alikasirika mbele ya mizani. Lakini sista alipochukua futi ya kushonea, viuno vya watatu vilikuwa vimepungua kwa sentimita 2 hadi 4. Mama wa miaka 61, ambaye alikuwa akipumzika mara mbili kupanda mlima wa kwenda kanisani, sasa hupanda bila kusimama. Hayo mizani haiyaonyeshi.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito polepole sana. Chupa moja ya soda ina sukari ipatayo vijiko saba vya chai, na nguvu yake ni karibu sawa na ile unayoitumia kwa kutembea haraka nusu saa. Mtu akitoka mazoezini akanywa soda na kula maandazi mawili, amerudisha yote na zaidi. Kunywa maji. Punguza sukari, mafuta ya kukaangia na chumvi. Jaza nusu ya sahani yako mboga na matunda ya nchi yetu.

Mlangoni mwa majumba haya utawakuta pia wauzaji wa majani ya chai ya kupunguza mwili, vidonge na mikanda ya jasho. Tunawasihi msinunue. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya kuharisha, na kinachopungua ni maji tu, si mafuta. Vidonge visivyoandikwa na daktari huweza kudhuru ini na moyo. Mkanda wa jasho hutoa jasho, nalo hurudi ukinywa maji.

Majibu kwa maswali yenu

1. Mimi ni mjamzito, nifanye mazoezi? Ndiyo, kama mkunga au daktari hajakukataza. Kutembea na mazoezi mepesi ni mazuri kwa mama na mtoto. Usiruke, usilale chali kwa muda mrefu baada ya miezi ya mwanzo, wala usifanye mchezo wa kuanguka. Ukiona damu, maji, maumivu au kizunguzungu, acha mara moja, uende hospitali.

2. Nimejifungua, nianze lini? Kama ulijifungua salama, anza kwa kutembea taratibu unapojisikia nguvu, na kwa kubana na kulegeza misuli ya chini, ile unayoitumia kuzuia mkojo. Misuli hiyo husaidia sana akina mama ambao mkojo huwatoka wakikohoa au kuruka. Mazoezi makali yasubiri uchunguzi wa wiki sita. Aliyepasuliwa asubiri mpaka daktari aseme.

3. Magoti yangu yanauma. Usiruke, tembea. Fanya zoezi la kukaa na kusimama kwenye kiti, mara 8 hadi 10, kwa kujishikilia. Misuli ya mapaja ikipata nguvu, goti hupata msaada.

4. Mimi ni bibi wa miaka 70. Usiache. Kwa umri wako, pamoja na kutembea, jizoeze kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika meza. Hii husaidia kuzuia kuanguka, na kuanguka ndiko kunakovunja nyonga za wazee.

5. Nina kisukari na natumia dawa. Muulize daktari kwanza. Usifanye mazoezi ukiwa na njaa, uwe na kitu kitamu karibu, na kagua nyayo zako kila jioni.

6. Mume wangu hataki. Mama mmoja tuliyemkuta alitatua hivi: alimwomba mumewe wapimwe presha pamoja. Mume akakutwa na yake. Sasa wanatembea wote wawili alfajiri. Mazungumzo ya namna hiyo yanafaa kuliko kutoroka au kugombana. Nanyi akina baba, mkiona mke wenu anatafuta afya yake, mpeni saa hiyo. Kukaa na watoto kwa saa moja hakumpunguzii mwanaume heshima.

7. Nisimame lini? Maumivu au kubanwa kifua, maumivu yanayokwenda mkono au taya, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, kuona giza, moyo kwenda ovyo. Hapo simama, kaa, omba kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Imani yetu inasemaje

Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba ya 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani kutoka kwa Mungu, nasi yatupasa kuzitunza kwa busara tukijali pia mahitaji ya wengine. Lakini namba inayofuata inatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu. Mafundisho hayo mawili huenda pamoja. Mama anayeacha watoto bila chakula ili alipe jimu amekosa kipimo. Na mama anayejitoa kwa kila mtu mpaka anaanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 48, akawaacha wadogo bila mama, naye tungependa angejihurumia mapema.

Papa Yohane Paulo II alipenda milima na kuteleza juu ya theluji hata alipokuwa Papa. Tarehe 29 Oktoba 2000 aliadhimisha Jubilei ya wanamichezo katika uwanja wa Olimpiki mjini Roma. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba mazoezi ni mambo ya kidunia yasiyomhusu Mkristo.

Kwa wasio na fedha

Shilingi 60,000 kwa mwezi ni fedha nyingi. Kwa familia nyingi ni unga, mafuta na daftari za watoto. Sisi wenyewe, wiki sita zilipokwisha, hatukuendelea kulipa. Tulikwenda kwa Paroko, tukaomba ukumbi wa parokia kwa siku mbili za jioni, Jumanne na Alhamisi. Alikubali. Viongozi wa WAWATA wakatangaza, na siku ya kwanza walikuja akina mama 19.

Jumuiya yoyote inaweza kufanya hivi. Mambo yanayotakiwa ni haya:

(a) Kupimwa kwanza. Ombeni muuguzi wa zahanati ya karibu aje siku moja na mashine ya presha. Mwenye 180 juu ya 110 au zaidi asianze, aende kwanza kwa daktari.

(b) Ukumbi, uwanja wa shule au kivuli cha mwembe. Hata bila muziki, ngoma na nyimbo zetu zinatosha.

(c) Mtu mmoja anayejua hatua. Vijana wa kwaya wapo wengi.

(d) Chupa mbili za maji zilizojaa mchanga badala ya vyuma, kiti imara, na khanga ya kutandika.

(e) Siku nyingine tatu, kila mama atembee kwa haraka nusu saa. Kwenda kwenye Misa ya asubuhi kwa miguu kunatosha, mkienda wawili wawili kwa usalama.

(f) Daftari la mahudhurio. Asiyeonekana mara mbili atembelewe nyumbani, kama tunavyofanya kwa mgonjwa.

Wiki ya kwanza anzeni na dakika 15 tu. Ongezeni dakika 5 kila wiki. Mwenda pole hajikwai. Msishindane, wala asipimwe mtu uzito mbele ya wenzake.

Mwenzetu muuza vitenge huja kila Jumanne. Ndiye anayeshika daftari, na kila mgeni humwuliza swali moja kabla ya kumwandika jina: umepima presha lini?

Nasi tunawaulizeni hilohilo, akina mama na akina baba wa parokia zetu. Kama jibu ni kwamba hujapima mwaka huu, anza hapo. Zahanati zetu zipo, na kupima huchukua dakika chache. Kisha vaa raba, mwite jirani yako, mtembee. Tunawatakia afya njema ya roho na mwili.